Gari la Kuwabara Linateleza

Benchi letu liko nje ya duka la Bosi, kati ya mlango na mashine ya kahawa, hapa Shimizu, Japani, upande ule ambao treni ya kasi inapita nyuma ya nyumba na kutikisa vioo. Mguu mmoja wa benchi umekatika, tumeuwekea matairi madogo ya gari la rimoti ili lisipepesuke. Magari yenyewe ndiyo hayohayo, ya rimoti, urefu wake ni kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, na tafadhali mtu asituulize kama watu wazima hawana kazi ya kufanya. Wake zetu walishauliza na hatukuwa na jibu. Nyuma ya duka kuna uwanja wa zulia tunaposhindana kila Jumapili, na Jumapili hii inayokuja ndiyo ya mwisho, maana magoti ya Bosi yamechoka na mwenye kiwanja anataka kufanya maegesho. Basi Ijumaa alasiri nimefika zangu, nikakuta gari la marehemu Kuwabara limelazwa juu ya taulo pale benchini, bodi imevuliwa, tumbo liko wazi, na watu watatu wamelizunguka wanabishana. Nikajua siku imeharibika.

Mimi wananiita Kopo, kwa sababu kazi ya kwenda kwenye mashine kununua kahawa za makopo ni yangu, sijui nani alinipa. Bosi mnamjua, ndiye mwenye duka. Mkanda anaendesha lori la majani ya chai, na anaitwa hivyo kwa sababu chombo chochote kikiharibika, hata gari la zimamoto, yeye husema ni mkanda. Daktari ni daktari kweli, wa meno, kliniki yake iko ng'ambo ya barabara, na huwa anavuka na koti lake jeupe kila akipata mwanya kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Kuwabara tulimwita Saa. Alikuwa akizunguka uwanja ule, kila mzunguko kwa muda uleule, mpaka ukachoka kumtazama. Alifariki ghafla, moyo. Jumapili inaangukia siku ya arobaini na tisa tangu afariki, siku ambayo kwa desturi yetu roho ya marehemu inavuka, tukakubaliana kwamba kabla ya mashindano kuanza gari lake litazunguka mara moja, peke yake, sisi tumesimama kimya. Mkewe alilileta dukani mwenyewe, likiwa limefungwa kwenye kitambaa, akamwambia Bosi maneno machache tu: naomba mlichaji betri.

Sasa, watu wa huku ukiwaambia wachaji betri, watachaji. Kisha watajaribu kidogo. Kisha watatafuta bisibisi.

Mkanda: Kopo, umekuja wakati mzuri. Sikiliza hii. Nabonyeza, ee? Mota inalia kama mbu, gari linatafakari kwanza, ndipo linaondoka. Huo ni nini kama si mkanda?

Bosi: Kwako hata mkeo akichelewa kuamka ni mkanda.

Mkanda: Umevutika. Meno yanaruka.

Bosi: Mkanda ukiruka meno unasikia tak tak tak. Umesikia tak hata moja?

Mkanda: Mzee, masikio yako ndiyo yamevutika.

Bosi: Mimi nawaambia ni ile gia ndogo ya mota. Kaskrubu kake kamelegea. Mota inazunguka, gia imekaa inaitazama.

Daktari: Nimekaangalia. Kamebana, na kana gundi. Saa hakuwa mtu wa kuacha skrubu bila gundi.

Bosi: Hakuwa. Zamani.

Lile neno la zamani lilituangukia vibaya. Nikaona afadhali niende kwenye mashine. Mwezi wa kumi na moja safu ya juu inakuwa na makopo ya moto, yana taa nyekundu chini yake, nikabonyeza ya watu wanne, nikarudi nikiyaviringisha viganjani maana yanaunguza. 

Mkanda: Mimi ndiye nilisema.

Bosi: Tulisema wote.

Mkanda: Hapana, Bosi. Nyie mlicheka. Mimi ndiye nilisema. Nilisimama palepale mlangoni nikasema, jamani, Saa imekwisha betri.

Ilikuwa hivyo. Jumapili yake ya mwisho kushindana na sisi, gari lake lilikuwa hivihivi, linalia halafu linachelewa, na Kuwabara, mtu ambaye miaka yote tulikuwa tunamwona matairi ya nyuma tu, akawa wa mwisho. Bosi akiwa kwenye kipaza sauti alitangaza kwamba tunaomba abiria wa gari la manjano wateremke wasukume. Tulicheka sana. Daktari alicheka mpaka akafuta miwani. Mimi nilicheka pia, sitajificha. Kuwabara alitabasamu, akainamisha kichwa kama anaomba radhi, akapanga vitu vyake kwenye sanduku, akaenda. Hakurudi tena Jumapili yoyote, na sisi hakuna hata mmoja aliyepiga simu kumuuliza vipi, maana kila mmoja alidhani mwenzake atapiga.

Daktari: Ndiyo maana nasema lazima tulipate hili tatizo. Jumapili likienda hivi mbele ya mkewe, itakuwa tumemcheka mara ya pili.

Bosi: Litembee kama Saa wa zamani.

Mkanda: Lazima. Hata nikilala hapa.

Hapo ndipo kazi ilianza. Daktari alitoa mfukoni kile kioo chake kidogo cha mdomoni, ndiyo, kilekile, sisi hatuulizi kama amekiosha, akachungulia gia kubwa ya plastiki jino kwa jino.

Daktari: Meno safi. Hakuna lililolika, hakuna lililovunjika. Afadhali haya kuliko ya Mkanda.

Mkanda: Yangu yalikuwa mazima mpaka nilipokukaribisha mdomoni mwangu.

Bosi: Shafti za magurudumu je?

Daktari: Hazijalika. Pini zipo. Nati za magurudumu zimekaza.

Mkanda: Na mkanda?

Daktari: Mkanda, ndugu yangu, ni mpya. Hauna hata unga wa mpira. Ukubali tu.

Mkanda: Mikanda mipya ndiyo inadanganya.

Mtu akiona kila kitu kizima na ugonjwa bado upo, hapo ndipo akili inaanza kutoka nje kutembea. Treni ya kasi ikapita nyuma, vioo vikalia, na Bosi akainua kidole juu kama mtu aliyeteremshiwa jambo.

Bosi: Hiyo. Hiyo hapo.

Daktari: Hiyo nini?

Bosi: Treni. Kila ikipita, nati zote za mtaa huu zinalegea kidogo. Kidogo tu, huoni. Lakini hesabu treni zinazopita kwa siku. Nyumba ya Kuwabara iko karibu na reli kuliko duka langu. Gari limelala kwenye rafu, linatikiswa, linatikiswa, mwisho limelegea lote.

Daktari: Basi na meno ya wagonjwa wangu yangekuwa yanadondoka.

Bosi: Na kliniki yako imejaa kwa sababu gani?

Daktari akageuka kuitazama kliniki yake, nadhani alikuwa anafikiria kama kuna ukweli.

Mkanda: Mimi nasema zulia. Lile zulia siku hizi lina kitu. Linashika sana, gari linashindwa kujivuta, nguvu inatafuta pa kutokea.

Bosi: Zulia langu usiliguse. Zulia lile ni safi kuliko shuka zako. Kuwabara mwenyewe alikuwa analipiga brashi kila Jumanne, duka likiwa limefungwa. Nilimpa ufunguo. Jumatano nikifungua nakuta limechanwa kama nywele za harusi.

Daktari: Mpaka mwisho?

Bosi: Mpaka wiki ile aliyofariki. Hata baada ya kuacha kuja Jumapili. Tulimcheka, na bado akaendelea kutusafishia uwanja.

 Nilikunywa kahawa yangu, ilikuwa bado ya moto, nikaungua ulimi na nikaona nimestahili.

Mkanda: Mnajua mimi naamini nini? Msicheke.

Bosi: Leo hatucheki.

Mkanda: Yeye ndiye amelishika. Bado hajavuka, si ndiyo? Mpaka Jumapili. Amechuchumaa hapo nyuma ameshika magurudumu. Anatuambia, mlinicheka, haya, liendesheni tuone.

Daktari: Kuwabara? Yule mtu hata ukimgonga gari lake alikuwa anakuomba msamaha yeye.

Mkanda: Wapole ndio wanaoshika.

Mimi nikasema, shika magurudumu basi. Nilisema kwa hasira tu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na mambo ya roho. Lakini Daktari akanitazama kama nimesema neno la maana. Akalinyanyua gari, akashika magurudumu mawili ya nyuma kwa mkono mmoja, yakawa hayaendi popote, halafu kwa kidole gumba cha mkono wa pili akaisukuma ile gia kubwa. Kama difu, kile kifaa cha kugawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ni nzima, gia hapo haiendi. Unasukuma mpaka kidole kinauma.

Gia ikazunguka. Laini kabisa, kama kijiko kwenye uji.

Daktari: Difu.

Bosi: Angalia ya mbele.

Akashika ya mbele. Nayo ikazunguka.

Daktari: Zote mbili. Na zimelegea sawasawa. Hii inashangaza. Difu zikichoka zenyewe, moja inatangulia. Hizi zimelegea kama zimepimwa.

Leo nikikaa peke yangu nasikia lile neno lake na natamani tungelishika hapo hapo. Tungeweka gari chini, tukanywa kahawa, tukajiuliza kidogo. Lakini Mkanda alishapata la kusema, na sote tulikuwa na hamu ya kulisikia.

Mkanda: Alikuwa amechoka. Vidole havina nguvu, anakaza anadhani amekaza. Mbele hivyohivyo, nyuma hivyohivyo. Mtu alikuwa anaumwa, jamani, na sisi tunamtangaza kwenye kipaza sauti.

Bosi: Usiendelee.

Mkanda: Moyo haufi siku moja. Ulikuwa unamwisha pale mbele yetu.

Bosi: Nimesema usiendelee.

Bosi alitazama upande wa barabara muda mrefu. Ana macho ya kutoa maji siku zenye upepo, ndivyo anavyosema, na siku ile hakukuwa na upepo. Daktari yeye alishavuka kwenda kliniki, akarudi na vibanio vyake vidogo na taa ya kichwani. Alifungua difu ya nyuma pale benchini. Ndani ya difu hizi kuna goroli ndogo za chuma zimebanwa kati ya visahani viwili, na skrubu moja katikati ndiyo inayobana kila kitu. Ukiikaza, gari linaruka. Ukiilegeza, goroli zinateleza, nguvu inapotelea njiani. Visahani vya Kuwabara vilikuwa vimelika, vimechorwa mfereji wa duara kwa kuteleza kwa muda mrefu.

Daktari: Tazama. Difu ya mtu kama Saa, kuifikisha hapa. Inasikitisha.

Bosi akaingia dukani, akatoka na goroli mpya na visahani vipya bado viko kwenye pakiti, vya akiba yake mwenyewe, na akaviweka kwenye taulo bila kusema bei. Mkanda alishika taa. Mimi nilishika vitu vidogo visidondoke. Kwa kweli kazi ilikwenda vizuri, kwa upole, kama watu wanaoosha kitu cha heshima. Goroli za zamani na vile visahani Daktari alivitia kwenye kopo langu tupu, nami nikalitupa kwenye pipa la makopo kando ya mashine.

Akakaza. Kila mmoja wetu akapima kwa kidole gumba, gia haikwenda. Akafanya na ya mbele.

Tukalipeleka uwanjani nyuma ya duka. Daktari akapanda jukwaani, pale wanaposimama waendeshaji, na rimoti. Alibonyeza kidogo tu, na gari la manjano likaondoka kama limeitwa jina. Kona ya kwanza, ya pili, ule mnyoofu mrefu, halikulia, halikusita. Bosi alisimama na mikono nyuma. Mkanda akawa anafuta pua kwa mkono wa jaketi.

Mkanda: Hilo ndilo gari lake.

Bosi: Ndilo. Ndilo lenyewe.

Tulirudi benchini tumechangamka. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi tulizungumza habari za Kuwabara bila kutazama chini. Nikanunua kahawa nyingine. Na hapo ndipo mkewe akatokea kona ya duka la tofu, na mfuko wa machenza mkononi, anatembea polepole. Tukasimama wote. Kama ilivyo kawaida tuliinamishana vichwa mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Bosi: Shemeji, karibu. Karibu ukae. Hapo pana baridi, kaa huku.

Shemeji: Ahsanteni. Nimewaletea machenza, ni ya nyuma ya nyumba, ni madogo mwaka huu. Samahani nawasumbua na kazi zenu.

Mkanda: Kazi gani, shemeji. Sisi hatuna kazi.

Shemeji: Nilikuwa napita tu. Nikasema, kama betri imejaa, niombe kujaribu kidogo. Nisije nikasahau mpaka Jumapili.

Tukatazamana.

Bosi: Kujaribu vipi, shemeji?

Shemeji: Kuendesha. Mzunguko wa Jumapili nilitaka niuendeshe mimi. Kama hamtaona vibaya.

Sisi tulikuwa tumepanga Daktari ndiye aendeshe, na yeye shemeji asimame pembeni. Hakuna aliyewahi kumwona na rimoti mkononi. Ni mtu wa bustani, vidole vyake vimejikunja kwa baridi yabisi, hata ule mfuko wa machenza alikuwa ameutundika kwenye mkono wa juu. Lakini utamkatalia nani? Tukampeleka. Tena kwa majivuno, nasema kweli. Mkanda alimfungulia mlango, Daktari akamkabidhi rimoti kwa mikono miwili, na sote tukawa tunasubiri aone.

Akapanda jukwaani bila kuuliza ngazi ziko wapi. Akashika rimoti, na ule mkono wenye vidole vilivyojikunja ukaikamata swichi yote kwa ngumi, kwa sababu hawezi kubonyeza kidogo kidogo kama sisi. Kwake ni kubonyeza au kuacha.

Gari likaruka. Likageuka nyuma mbele papohapo, likapiga ubao wa kona, likalala ubavu, magurudumu yanalia hewani. Mkanda alikimbia kulisimamisha. Shemeji akabonyeza tena, likapiga ubao wa pili. Akaachia. Akatazama rimoti, akaigeuza akaitazama chini, kama anahakikisha kwamba ndiyo yenyewe.

Shemeji: Samahani. Sijui nimefanya nini. Huwa linakwenda.

Bosi: Huwa?

Shemeji: Jumanne. Tulikuwa tunakuja Jumanne. Alikuwa hajawaambia? Alisema Bosi ametoa ufunguo.

 Mdomo wa Bosi ulikuwa wazi kidogo.

Shemeji: Mwanzoni lilikuwa hivi hivi. Nikigusa tu, ukutani. Nikamwambia vidole vyangu havifai, niache nikae nikutazame. Akakaa na bisibisi yake pale chini. Akawa analegeza kitu humo ndani, ananipa, nagonga, analegeza tena, ananipa. Majira yote ya mvua tulikuwa tunafanya hivyo. Mpaka siku moja likazunguka uwanja wote, sikugusa ubao hata mmoja. Halafu tukalipiga zulia brashi tukaenda nyumbani.

Daktari alivua ile taa kichwani. Alikuwa bado ameivaa.

Daktari: Shemeji. Tulikuta difu zimelegea. Tulidhani ni ugonjwa. Tumezikaza.

Shemeji: Ahaa.

Daktari: Tumeweka na goroli mpya.

Shemeji: Ahaa. Poleni kwa kazi.

Alisema hivyo hivyo, poleni kwa kazi, na akainamisha kichwa kutushukuru. Afadhali angetutukana. Mkanda alikuwa amesimama katikati ya uwanja na gari mikononi, na uso wake ulikuwa unatia huruma kuutazama.

Mkanda: Lakini shemeji. Jumapili moja alikuja nalo likiwa hivyohivyo limelegea. Akashindana na sisi. Kukaza ni dakika chache tu, yeye angeweza hata amefumba macho. Kwa nini hakulikaza?

Shemeji: Nilimwambia. Nilimwambia, kesho unakwenda kwa wenzako, kaza. Akasema, nikilikaza, kile kiasi chako sitakipata tena.

Mkanda: Akasema hivyo.

Shemeji: Alirudi siku ile anacheka. Akasema leo nimewachekesha sana.

Treni ikapita. Tuliiacha ipite yote, mpaka vioo vikanyamaza. Shemeji alishuka jukwaani taratibu, akishika ukuta, akamfuata Mkanda pale katikati ya zulia, akaweka kiganja juu ya gari la mumewe. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza chumvi kiasi gani kwenye supu.

Shemeji: Alilegeza kiasi gani?

Sasa hebu nikueleze. Kila mtu anayecheza magari haya, kitu cha kwanza anachofundishwa, kabla ya kufungua difu anaikaza kwanza hadi mwisho huku anahesabu mizunguko ya bisibisi, ili ajue ilikuwa wapi. Hata wale wa wiki ya kwanza wanajua. Pale tulikuwa watu wanne, tukijumlisha miaka yetu ya kucheza inapita umri wa mtu mzima. Daktari alimtazama Bosi. Bosi alimtazama Mkanda. Mkanda akanitazama mimi. Hakuna aliyehesabu, kwa sababu nani anahesabu ugonjwa?

Nilitoka nikaenda kwenye pipa. Nilimwaga makopo yote chini, barabarani, watu wanapita, nikawa nayatikisa sikioni moja moja mpaka nikasikia lile linalolia. Nikarudi nalo. Daktari akazirudisha goroli za zamani na vile visahani vilivyolika, akalegeza, akampa.

Shemeji: Bado.

Akalegeza kidogo.

Shemeji: Sasa haliendi kabisa.

Akakaza kidogo.

Bosi: Labda robo, Daktari.

Mkanda: Nusu ya robo.

Daktari: Nyamazeni basi.

Gari likazunguka kona ya kwanza, likazunguka ya pili, likapiga ubao wa tatu. Shemeji akasema, karibu, karibu sana, kwa sauti ya kumtia mtu moyo, na sote tulijua si karibu. Tulijaribu tena. Tukajaribu tena. Betri ile aliyotuomba tuichaji ikaanza kuisha, gari likawa linakwenda pole kwa sababu hiyo tu, na kwa dakika moja ilionekana kama tumepata, mpaka likasimama.

Shemeji: Basi, jamani. Imetosha. Mmejitahidi.

Bosi: Shemeji, tupe mpaka kesho. Nitafunga duka, tutakaa nalo.

Shemeji: Hapana. Mtalichosha. Jumapili nitakuja nalo, nitaliweka pale kwenye mstari wa kuanzia, likae. Nyie mzunguke.

Alilifunga kwenye kitambaa chake, akalibeba kifuani, mfuko wa machenza akatuachia benchini. Tulimsindikiza kwa macho hadi kona ya duka la tofu. Aligeuka pale akainamisha kichwa, nasi tukainamisha, na tulipoinua hakuwepo.

Tukakaa. Daktari alikuwa na mgonjwa anamsubiri, tulimwona yule mtu kwenye dirisha la ng'ambo ameshika shavu, lakini hakuinuka. Mkanda alichukua chenza akalimenya, akaliweka chini bila kula.

Mkanda: Kopo, kahawa.

Nikaenda. Taa nyekundu za safu ya juu zote zilikuwa zimezimika, na chini ya kila kopo mashine ilikuwa imeandika imekwisha. Nilisimama pale kidogo, halafu nikarudi nikakaa mahali pangu. Hakuna aliyeniuliza mbona mikono mitupu.